“Somo gumu”: kisa cha fomu za tathmini na neno moja lililobebeshwa kazi nne

Karatasi ya juu kwenye ile bahasha ya kaki iliandikwa kwa herufi kubwa, moja moja, kama bango la duka la nyama. Mwenyewe hakutaka hati yake ijulikane. Darasa letu dogo, na mwalimu anayesahihisha madaftari yao kila wiki huwajua hata kwa mkato wa “k”. Maneno yalikuwa manne tu: SOMO GUMU. TICHA MBIO.

Ticha ni mimi. Nasomesha utangulizi wa vifaa vya uhandisi katika chuo kimoja cha ufundi hapa Unguja, mwaka wa kwanza wa diploma, vijana wa ujenzi na wa mitambo wamechanganywa pamoja. Kwenye ratiba somo lina jina refu la Kiingereza. Wao wanaliita Matirio, kama fundi anavyosema matirio yamekwisha, ongeza mifuko miwili ya saruji. Ni somo la chuma, zege, mbao, plastiki na kioo: vimeumbwaje ndani, kwa nini hiki hupinda na kile huvunjika, na kipi kinafaa kazi gani. Kila mwisho wa muhula ofisi hugawa fomu za tathmini. Mwalimu hutoka nje, mwanafunzi mmoja hukusanya, bahasha inafungwa kwa gundi. Mwalimu huletewa wiki kadhaa baadaye, matokeo ya mtihani yakishabandikwa.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu fomu zile nilizisoma vibaya kwa mwaka mzima, na sidhani kama niko peke yangu.

Mbele ya fomu mna visanduku vya kujaza namba, 1 mpaka 5. Anafika kwa wakati? Sauti inasikika? Amemaliza muhtasari? Anajibu maswali? Huko kote nilifanya vizuri. Penye “anaeleza kwa uwazi” palijaa 2. Nyuma mna mistari mitano ya maoni, na maelekezo yanataka Kiingereza. Waliotii waliandika maneno mawili ya adabu wakaishia hapo. Wenye la kusema waligeukia Kiswahili. “Anakimbia.” “Mtihani mgumu na somo lenyewe gumu.” “Mifano ni ndege tupu, mimi nasomea ujenzi.” “Mashine ya kuvutia vyuma tumeioneshwa kwenye video.” Ni ile inayovuta kipande cha chuma mpaka kikatike, kupima nguvu yake.

Nilisononeka, sikatai. Mwenzangu mmoja aliyenitangulia kazini miaka mingi aliniona barazani na kikombe cha kahawa kimepoa mkononi, akacheka: “Maalim, hawa hata ukitambaa watasema unakimbia.” Sikucheka. Nikalichukua neno “mbio” kama lilivyo, nikapunguza mwendo.

Mwaka uliofuata keramiki, yaani vigae, kioo na jamaa zake, niliipunguza nusu, polima, yaani plastiki, nikaitoa nje kabisa, na habari ya atomi zinavyojipanga ndani ya chuma nikaipa wiki tatu badala ya mbili. Nilichora mchemraba ubaoni mpaka chaki ikaniganda vidoleni. Atomi moja kila pembe na moja katikati: ndivyo chuma kilivyo kwenye joto la kawaida. Kikipita nyuzi 912 za Selsiasi atomi hujipanga upya, ya katikati haipo tena na kila uso wa mchemraba una yake. Walinakili vizuri sana, wengine kwa kalamu za rangi.

Fomu za mwaka ule zikaja: “Anarudiarudia.” “Usingizi.” Na tena, kwa hati nyengine: “Somo gumu.” Kisanduku cha uwazi hakikupanda. Waliodaka sapu, yaani mtihani wa marudio, hawakupungua, na juu ya hayo sasa hawakuwa na polima. Mgeni kasema chakula hakina chumvi, mimi nikampakulia sahani ya pili ya kile kile.

Jawabu lilikuwa kwenye karatasi za mtihani. Nilikuwa nasahihisha sapu, bahasha ya fomu imelala pembeni kwa bahati tu, sikuwa bado nimeirudisha kabatini. Swali moja lilimtaka mwanafunzi achague matirio ya springi za gari la mizigo na aeleze sababu. Kijana mmoja alichagua chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Sababu yake, kwa Kiingereza kilichonyooka, ilikuwa kwamba chuma hicho ni kigumu kuliko chuma laini. Kalamu nyekundu ikasita. Ni kweli! Chuma cha kusubu aghlabu ni kigumu kuliko nondo laini. Jaribu kukikwaruza utaona. Ila springi ya chuma cha kusubu ingekatika gari halijatoka hata bandarini Malindi.

Nilimwita. Ami yake ana gereji Mwanakwerekwe, na yeye kakulia humo humo.

“Gerejini chuma cha kusubu kiko wapi?”

“Kwenye bloku ya injini, ticha. Na ngoma za breki.”

“Kikianguka?”

“Kinapasuka. Hakitaki nyundo kile, kinakatika kama kashata.”

“Na springi?”

“Springi inakwenda inarudi. Zikishachoka ami huwauzia wahunzi, wanafulia mapanga.”

“Sasa mbona umeandika springi iwe ya chuma cha kusubu?”

Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. “Si ulisema springi inataka chuma kigumu?”

Nilisema. Wiki ya tano nilieleza kwa Kiingereza kwamba springi inataka chuma chenye nguvu, kisichopoteza umbo lake upesi. Halafu kwa kuwasaidia nikatafsiri juu kwa juu: “yaani kigumu.” Neno hilo hilo nilikuwa nimelitumia wiki ya pili kwa kitu kisichokwaruzika, na wiki ya tatu kwa kitu kisichonyumbuka. Wiki ya sita nikalitumia tena kwa kitu kinachostahimili kishindo. Kijana hakukosea. Alijumlisha nilivyompa.

Hapo ndipo nilipozitoa tena fomu na kuzisoma upya, nikiwa na karatasi za mtihani mkono wa pili. Waliolalamikia mbio sikuweza kuwajua mmoja mmoja, wala sikutaka. Lakini makosa kwenye karatasi yalikuwa ya ukoo mmoja. Kioo kina nguvu kwa sababu ni kigumu. Chuma chenye kaboni nyingi hakivunjiki kwa sababu ni kigumu. Alumini hainyumbuki kwa sababu... na kadhalika. Kila pahala neno lile lile limekaa mlangoni linazuia watu kupita.

Chukua dirisha la alumini, haya yaliyojaa kwenye nyumba mpya kutoka Fuoni mpaka Bububu. Fremu alumini, ndani kioo. Ukivipima kwa ukakamavu, yaani kitu kinavyokataa kunyumbuka chini ya mzigo, vyote viwili viko karibu na 70, kwa kipimo kiitwacho gigapaskali. Ndugu kabisa. Sasa ukwaruze kwa ufunguo. Fremu itachorwa, kioo hakina habari. Kwa ugumu, kioo kimeshinda mbali. Halafu dirisha lianguke kutoka ghorofani. Fremu itapinda, kioo utakizoa kwa ufagio. Hapo tumefika kwenye ushupavu, ile nishati ya kishindo ambayo kitu huimeza kabla hakijapasuka, na hapo alumini haina mpinzani kwenye dirisha lile. Kwa Kiswahili changu cha darasani yote matatu yalikuwa “ugumu”. Aliyeniuliza “Sasa kipi kigumu, ticha, kioo au alumini?” alipata jawabu jipya kila wiki.

Nondo nayo ina fumbo lake, na kwa vijana wa ujenzi hili ndilo kubwa. Nondo laini husalimu amri karibu na megapaskali 250 (megapaskali elfu moja ni gigapaskali moja), ikapinda na isirudi. Ile ya nguvu, yenye mistari, inafika 460 au 500. Kijana ataapa kwamba ya pili, kwa vile ni “ngumu zaidi”, itanyumbuka kidogo kuliko ya kwanza. Kumbe chini ya mzigo mdogo, zikiwa na unene mmoja, zinanyumbuka sawasawa, maana chuma, kiwe cha rahisi au cha ghali, ukakamavu wake ni gigapaskali 200 hivi. Tofauti iko pale kinapochoka kuvumilia. Mwenye neno moja tu hana pa kuiweka habari hiyo. Anamsikia mwalimu anajipinga mwenyewe, tena yeye bado anaandika sentensi ya kwanza. Hiyo ndiyo mbio waliyoiandika. Mwendo wangu ulikuwa wa kawaida. Wao ndio waliokuwa wanarudi nyuma kila dakika kutafuta walipojikwaa.

Kuna watakaosema basi Kiswahili hakifai sayansi. Nilikwenda karakana, kwa mzee wetu wa mashine, aliyekuwa anatoboa bati kwa kekee.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Chuma kisichonyumbuka mnakiitaje?”

“Kimekakamaa hicho.”

“Na kisicholika na tupa?”

“Kigumu. Tupa inateleza.”

“Na kile unakipiga nyundo, unakipiga, hakipasuki?”

“Kishupavu.” Kekee hakuizima.

Ukakamavu, ugumu, ushupavu, na nguvu ikiwa ya nne. Nikayaandika kwenye kiganja nisiyasahau njiani, mtu mzima mwenye shahada mbili. Upungufu ulikuwa wangu, nilikuwa natafsiri kwa uvivu.

Mwaka wa tatu nilianza somo kinyumenyume. Zipo njia mbili zinazojulikana duniani za kulisomesha somo hili: kuanza na atomi ukapanda mpaka kwenye kitu, au kuanza na kitu na kazi yake ukashuka mpaka kwenye atomi. Michael Ashby wa Cambridge amejulikana kwa hii ya pili, kwa chati zake zinazoweka sifa moja upande huu na nyengine upande ule, kila aina ya matirio ikaonekana imekaa mtaa gani. Sikuwa na programu ya kompyuta ya kuchora chati hizo. Nilinunua karatasi ya manila, tukapiga mistari miwili, ukakamavu chini, ushupavu ubavuni, na wao wakabandika kipande cha kioo, cha ndoo ya plastiki, cha nondo, cha fremu ya dirisha, na ubapa wa boriti. Kwenye boriti waligombana nusu saa. Nilikaa kimya.

Kabla ya manila lakini kulikuwa na bleti za msumeno wa chuma, zile za bei rahisi zinazokatika, si zile zinazokunjwa. Wawili wawili, miwani machoni. Wa kwanza anaikunja: tah! Vipande viwili. Kipande kinapashwa kwenye jiko la gesi mpaka kikawa chekundu kama ua la mkomamanga, kikafukiwa kwenye majivu kipoe taratibu. Kikitoka humo kinakunjika kama waya wa kufungia nondo, na tupa inakila. Kinapashwa tena, safari hii kinatoswa majini. Shsss. Sasa kinakatika hata hujafika nusu ya kukikunja, na tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo. Chuma kile kile, hakikuongezwa kitu wala kupunguzwa. Halafu tunabana kipande kilichopoa taratibu na kipande kilichotoswa majini kwenye jiliwa, kila kimoja kikaning’inizwa kokoto ya uzito ule ule kwenye ncha yake. Vinashuka sawasawa. Ugumu umebadilika, ushupavu umebadilika, nguvu imebadilika. Ukakamavu uko pale pale.

Wakaanza kuuliza wenyewe: ndani kumetokea nini? Mtu mmoja akasema labda kimeungua. Mwengine: labda maji yameingia. Hapo nikauchora ule mchemraba. Atomi zile zile zilizowalaza wenzao wa mwaka uliotangulia sasa zilikuja zikiwa jibu la swali lao. Kwenye chuma chekundu kaboni hupata nafasi kati ya atomi za chuma. Kikipoa polepole hutoka ikajitenga pembeni, na kikitoswa majini hunaswa ndani, chuma kikajaa mivutano. Na chuma cha kusubu? Kaboni yake ni zaidi ya asilimia 2, nyingi imekaa kama magamba ya grafiti, kila gamba ni ufa uliokwisha kutengenezwa tayari. Kijana wa gereji alikuwa amerudia somo mwaka ule. Alisema kwa sauti: “Ndo maana hakitaki nyundo.”

Lalamiko la mifano ya ndege nalo lilikuwa la haki, na hili nililielewa upesi zaidi. Hata mifano isiyo ya ndege ilikuwa ya mbali: mfano wangu mkubwa wa chuma kupoteza ushupavu ulikuwa meli za Liberty, meli za mizigo za Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zilijengwa zaidi ya 2,700 na baadhi zilipasuka, nyengine vipande viwili, kwenye bahari ya baridi, kwa chuma kilichokosa ushupavu kwenye baridi na ufa uliotembea bila kizuizi kutoka bamba hadi bamba lililochomelewa. Mfano mzuri. Ila msichana mmoja wa Nungwi, kwao wanajenga majahazi, aliniuliza: “Bahari yetu haigandi, ticha. Hiyo itatuua lini?” Ya kutuua sisi ni chumvi. Chumvi huivunja ngozi nyembamba inayoikinga nondo ndani ya zege, nondo ikashika kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo unaona sakafu za roshani zinamwaga vipande. Siku hizi nawatoa nje tu tukaangalia dari ya ukumbi wetu wenyewe.

Kwa ukakamavu nawapeleka Mji Mkongwe. Vyumba vya nyumba za zamani vina upana wa mita 3 kasoro, virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti hazikuzidi hapo. Ukirefusha boriti mara 2, kwa mzigo ule ule katikati, inabonyea mara 8. Waashi wa mawe na chokaa hawakuandika hesabu hiyo popote; wameiacha kwenye upana wa chumba.

Sasa matokeo, na hapa nitakwenda kwa tahadhari. Majibu ya mtihani kwenye maswali ya kuchagua matirio yalikuwa bora, sababu zao zilisimama. Mmoja aliandika katikati ya sentensi ya Kiingereza neno “kishupavu”, nikampa alama yake, na kama kuna mtu ofisini anasoma hapa, ndiyo, nilimpa. Mkuu wangu wa idara hakupendezwa. “Mtihani ni wa Kiingereza,” alisema, “unawashusha.” Ana hoja kwa kiasi fulani. Mhandisi atakutana na jedwali la Kiingereza kazini, na siku hizi kila neno la Kiswahili nalifunga na mwenzake wa Kiingereza siku ile ile, ubaoni, wakiwa wameshakishika kitu mkononi. Kushusha ni kule nilikokuwa nafanya mwanzo, kumwachia mtu maneno manne ya kigeni yanayoangukia tundu moja.

Fomu je? Uwazi ulipanda, si sana. Nyuma ya moja palikuwa na haya: “Tunachezea bleti badala ya kusoma.” Zamani ningelala vibaya kwa sentensi hiyo. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi wamegawanywa kwa kura: waliofanya kazi wenyewe darasani walipata alama za juu kwenye jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, na huku wakiamini wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Kuhangaika na jambo huhisiwa kama kutolielewa. Basi 5 kwenye kisanduku sijivunii kupita kiasi, na 2 siisomi tena kama hukumu. Mgonjwa anakuonesha panapouma, dawa ni kazi yako.

Kasoro ya fomu yenyewe ni wakati wake. Inajazwa somo likishakwisha, aliyejikwaa wiki ya pili anafaidisha wadogo zake. Kwa hiyo nimeongeza nusu karatasi kila Alhamisi, bila jina, swali moja: neno gani leo limekupita? Majibu nayasoma usiku ule ule, dakika kumi za kwanza za kipindi kinachofuata ni zao.

Kuna moja ambalo sikulifanya lolote. Mashine ya kuvutia vyuma ilikuwa mbovu nilipoanza kazi na ingali mbovu. Kila mwaka wanaiandika nyuma ya fomu, na kila mwaka fomu inakuja kwangu, kwa kuwa ni fomu ya mwalimu. Kisanduku cha maabara hakimo. Barua nimepeleka. Nimejibiwa kwamba imepokelewa.

Alhamisi iliyopita, katika zile nusu karatasi, ilikuwamo moja ya herufi kubwa, moja moja, kama bango la duka la nyama: MANENO YOTE NIMEYAELEWA LEO. MASHINE LINI?